Hackintosh kwa kazi ya kweli: macOS Sequoia kwenye dekstopu ya kuunda mwenyewe

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka aondoke nalo. Kama tayari unayo dekstopu yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8, 9 au 10 na kadi ya grafiki ya AMD ambayo macOS (mfumo wa kompyuta za Apple) inaitambua, weka Sequoia (toleo la macOS la 2024), inakaa vizuri sana na inapiga kazi. Kama ndo kwanza unataka uende dukani leo ununue vipuri kwa ajili ya hii kitu, hiyo hela iache mfukoni, sababu nitaisema huko chini.

Kwa ambaye hajawahi kukutana nayo, Hackintosh ni kompyuta ya kawaida tu, haikutengenezwa na Apple, lakini inaendesha macOS. Mlango ulifunguka pale Apple walipotangaza mwaka 2005 kwamba wanahamia Intel, Mac za kwanza za Intel zikatoka Januari 2006, na kuanzia hapo Mac ya ofisini na PC yako ya mezani zikawa zinatumia prosesa za ukoo mmoja. Apple wenyewe hawajawahi kukubali jambo hili, leseni yao inasema macOS iwekwe kwenye mashine ya Apple tu, na kuna kampuni ya Florida inaitwa Psystar ilianza kuuza PC zenye mfumo huo mwaka 2008, ikashtakiwa mwaka huohuo, na 2009 ikashindwa mahakamani. Kwa hiyo unapofanya hivi nyumbani kwako jua hakuna garantii, hakuna pa kupiga simu, na usije ukaunda mashine ukaiuza kwa mteja kama Mac. Mimi nasema hivi mapema kwa sababu kuna watu Kariakoo wanauziwa hivyo na hawaambiwi wanachonunua.

Mashine ninayoizungumzia ni hii: Core i5-10400, bodi ya B460, ramu GB 32 za DDR4, SSD ya NVMe, kadi RX 580 ya GB 8. Hakuna kitu cha ajabu hapo, ni vipuri ambavyo ukizunguka Dar au Nairobi kwenye maduka ya kompyuta za mtumba unavipata. Kazi yangu ni video, harusi na send-off zaidi, na matangazo madogo madogo ya biashara, kwa hiyo nilichokuwa nakitafuta ni Final Cut Pro, programu ya Apple ya kuhariri video, basi. Kila nitakachosema hapa nakisema kama mtu mwenye mteja anayesubiri video yake Jumatatu.

Sasa OpenCore. Hii ndo roho ya kila kitu na nataka niisifie kwa moyo wote maana inastahili. Ni programu ndogo inayokaa kwenye kipande cha EFI cha diski (sehemu ndogo ambako kompyuta inatafuta cha kuwasha kwanza), inaamka kabla ya macOS, inaiambia macOS kwamba hapa uko ndani ya iMac ya mwaka 2020, inapakia keksti zinazotakiwa (keksti ni zile draiva za macOS) halafu inakaa pembeni, mfumo wenyewe unabaki vilevile ulivyotoka kwa Apple. Zamani haikuwa hivi. Zamani watu walikuwa wanashusha kifurushi kizima cha macOS kilichochezewa na mtu usiyemjua, unakiweka, kinawaka, halafu apdeti ya kwanza ikija mashine inakufa na huna hata pa kuanzia kutafuta tatizo. OpenCore inatengenezwa na kundi la Acidanthera, bure kabisa, na mwongozo wake unaandikwa na watu wa Dortania, bure vilevile, na ule mwongozo kwa kweli ni moja ya maandiko bora ya kiufundi niliyowahi kuyasoma, unakueleza siyo tu bonyeza hapa bonyeza pale, unakueleza kwa nini. Ukiusoma ukamaliza utakuwa unajua ACPI ni nini, EFI ni nini, bodi yako inaongeaje na mfumo, vitu ambavyo fundi wengi mtaani hawavijui.

Ila usome kweli. Hapa ndo wengi wanakwama, mtu anachukua folda ya EFI ya mtu mwingine mwenye bodi inayofanana jina na yake, anabandika, inagoma, anasema Hackintosh ni uongo. Bodi mbili zenye jina linalokaribiana zinaweza kuwa na chipu tofauti za sauti, tofauti za mtandao, tofauti za mpangilio wa USB, kwa hiyo EFI ya mtu ni ya mtu. Kwa kizazi cha 10 mambo ya msingi siyo mengi: faili za SSDT tatu, yaani vijedwali vinavyoielezea macOS vipuri vya bodi (ya prosesa, ya EC na USB, na ya saa ya AWAC), keksti ya Lilu na wenzake VirtualSMC, WhateverGreen na AppleALC, keksti ya mtandao wa waya kulingana na chipu yako, na kwenye config.plist (faili la mipangilio ya OpenCore) unachagua iMac20,1, ndo ile iMac ya 2020. Baiosi unazima Secure Boot, unazima CSM, unazima CFG Lock kama bodi yako inakuonyesha hicho kipengele, unawasha Above 4G Decoding, diski iwe AHCI. Ukikwama kwenye yale maandishi meupe yanayopita wakati wa kuwaka, mstari wa mwisho unaouona ndo utakaokuambia tatizo liko wapi, na ukiganda kwenye EXITBS:START ujue mara nyingi ni mpangilio wa kumbukumbu kwenye sehemu ya Booter ya config.plist, huna haja ya kuanza kubadilisha ramu.

Kuhusu kuipata macOS yenyewe kuna njia mbili. Moja ni kushusha ile sehemu ndogo ya uokoaji kwa macrecovery ambayo ni chini ya GB 1, unaiweka kwenye flashi, halafu mashine ikiwaka ndo inashusha iliyobaki moja kwa moja kutoka Apple. Nyingine ni kifurushi kizima ambacho ni zaidi ya GB 13, hicho ukiwa na rafiki mwenye Mac unatengenezea flashi huko. Kwa sisi wa bando mimi nashauri ya pili, maana ile ya kwanza mtandao ukikatika katikati inaanza upya, na umeme nao una mambo yake. Tena hapa niseme, weka UPS. Siyo kwa sababu ya Hackintosh, ni kwa sababu hakuna kitu kinachouma kama umeme kukata wakati mashine inaapdeti mfumo.

Kadi ya grafiki ndo inaamua kila kitu na ndo sehemu watu wanapoteza hela, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Nvidia sahau. GTX 1060 na ndugu zake za kizazi hicho zilikuwa na draiva mpaka toleo la macOS la High Sierra, lile la 2017, Mojave ilivyotoka 2018 draiva haikuja tena, na GTX 1650, 1660, RTX zote hazijawahi kupata kabisa. Kadi za zamani za Kepler ziliendelea hadi Big Sur (2020) zikaachwa Monterey (2021). Kwa hiyo mtu akikwambia RTX 3060 inapiga macOS huyo hajajaribu. AMD ndo njia: RX 570, RX 580, Vega, RX 5500 na 5700, RX 6600, 6800, 6900. Za RX 5000 na 6000 utahitaji neno agdpmod=pikera kwenye boot-args (maagizo ya kuwaka, ndani ya config.plist) la sivyo skrini inabaki nyeusi ukadhani kadi imekufa. Na angalia mtego, RX 6700 XT iko katikati ya hizo zote lakini macOS haina draiva yake, RX 7000 yote pia haina.

Mtego mkubwa zaidi huku kwetu ni RX 580 2048SP. Sokoni zimejaa, nyingi zimetoka China, nyingi zimechimba kripto, boksi linasema RX 580 na fundi anakwambia ni RX 580, lakini ndani ni kama RX 570 iliyopewa jina kubwa, na namba yake ya utambulisho macOS haiijui. Inafanya kazi ukidanganya ile namba kwenye config.plist au ukibadilisha baiosi ya kadi, ila ujue unachonunua na ulipe bei ya RX 570. Kabla hujatoa hela mwambie muuzaji aichomeke kwenye Windows afungue GPU-Z, programu inayoonyesha kilichomo kwenye kadi, uangalie idadi ya shader (viini vya kuchorea): 2304 ndo yenyewe, 2048 siyo. Muuzaji akikataa kuichomeka, ondoka.

SSD nayo, Samsung PM981 zile zinazotolewa kwenye laptop za mtumba zinasumbua na macOS, mashine inaanguka bila sababu inayoeleweka, nunua nyingine.

Halafu USB, jamani USB. macOS inakubali milango 15 tu kwa kila kidhibiti, na tundu moja la bluu la USB 3 linahesabika mara mbili kwa sababu lina njia ya USB 2 na njia ya USB 3 ndani yake, ukijumlisha na vile vichwa vya ndani ya bodi unavuka 15 bila kujua. Zamani kulikuwa na kiraka cha kuvunja huo ukomo, kuanzia Big Sur 11.3 hakifanyi kazi vizuri, kwa hiyo lazima uchore ramani: unachomeka flashi tundu moja moja, unaandika lipi ni lipi, unachagua 15 unazozitaka. Kuna programu ya USBToolBox inafanyika ukiwa Windows, ni rahisi. Watu wengi wanairuka hii hatua kwa sababu mashine tayari imewaka na mausi inafanya kazi, halafu wiki mbili mbele wanalalamika kompyuta ikilala haiamki, au diski ya nje inakatika katikati ya kuhamisha footage. Tisa kwa kumi ni ramani ya USB. Fanya ramani kabla hujaanza kuifanyia kazi mashine, hasa wewe wa video unayechomeka kadi za kamera kila siku.

Haya, kazi yenyewe. Final Cut kwenye hii mashine ni tamu. Taimulaini ya 4K ya H.264 inapita bila kukwamakwama kwa sababu kuna vitu viwili vinasaidiana, RX 580 inachora na grafiki ya ndani ya Intel, UHD 630, inafungua na kufunga video kwa Quick Sync (sehemu ya Intel maalumu kwa video), na hii unaipata ukiiweka UHD 630 kwenye hali ya kutokuwa na skrini, mwongozo una namba ya kuandika. Mtu mwenye prosesa za herufi F, kama i5-10400F, hana hiyo grafiki ya ndani, kwa hiyo apunguze kwanza matarajio yake au atumie iMacPro1,1 au MacPro7,1 na aiachie kadi kazi yote. Rangi, titles, multicam ya kamera tatu za ukumbini, vyote naenda navyo mpaka mwisho bila kuona ile duara ya rangi ikizunguka. Kwa hili naipa heshima yake yote, maana PC hiyohiyo kwenye Windows na programu nyingine ya kuhariri haikuwa inanipa ulaini huu.

Lakini kuna kitu kimoja wenye kamera mpya wakijue. Ukishuti na Sony au Canon za kisasa kwenye HEVC ya biti 10 ya 4:2:2 (inayohifadhi rangi nyingi kuliko 4:2:0 ya kawaida), UHD 630 haina uwezo wa kuifungua hiyo kwa hadiwea, RX 580 pia haina, inabaki prosesa inahangaika yenyewe na taimulaini inakuwa ya kuruka. Dawa ni proksi, nakala nyepesi za video, unaacha inatengeneza usiku asubuhi unahariri, au unashuti 4:2:0. Mac ya M1 (chipu ya Apple wenyewe) inafungua hizo faili bila jasho, kwa hiyo hapa Hackintosh imeachwa na hakuna OpenCore itakayosaidia.

Wa muziki, Logic Pro inaenda safi, interfesi za sauti za USB zisizohitaji draiva unachomeka tu unaanza kurekodi. Kuna jamaa mtayarishaji wa bongo fleva anatumia mashine ya namna hii studio na kazi zinatoka.

Visivyofanya kazi sasa, nivitaje bila kuficha. AirDrop, ile ya kutumiana faili bila waya: kwa kadi ya vaifai ya Intel hupati, unapata intaneti tu kupitia keksti ya itlwm. Zile kadi za Broadcom kama BCM94360 zilizokuwa zinaleta AirDrop na Handoff (kuendeleza kazi ya iPhone kwenye Mac) moja kwa moja, Apple waliondoa draiva zake kuanzia Sonoma (2023), inabidi uzirudishe kwa kiraka cha OpenCore Legacy Patcher, na kila apdeti unaweka kiraka upya, mimi naona bora waya na kuhamishia faili kwa kebo. Kuakisi iPhone kwenye skrini ya Mac hakuna, maana kunataka chipu ya Apple au T2 ya kweli (chipu ya usalama ya Mac za Intel). Apple Intelligence hakuna, hiyo inataka M1 kwenda mbele. Ndani ya Final Cut yenyewe ile ya kugeuza maneno kuwa kapsheni inataka chipu ya Apple, hupati. iMessage na FaceTime zinaweza kukubali, ila inabidi utengeneze namba ya siriali yako mwenyewe kwa GenSMBIOS, uhakikishe siyo ya Mac ya mtu aliyeko duniani, na mtandao wa waya usomeke kama en0 wa ndani, ndo uingie na akaunti yako. Ukiingia na akaunti yako kuu kabla hayo hayajakaa sawa unaweza kufungiwa. Kama huzihitaji, ziache.

Apdeti ndogo za Sequoia zinaingia kwenye mashine yenyewe kama Mac ya kawaida, ila kwa sababu iMac20,1 ya kweli ina chipu ya T2, utahitaji keksti ya RestrictEvents na revpatch=sbvmm ndo apdeti zionekane. Utaratibu wangu ni ule ule kila mara: napandisha kwanza OpenCore na keksti, nawasha kwa flashi kuhakikisha zinakubali, nakopi EFI nzima iliyokuwa inafanya kazi kwenye flashi nyingine ninayoiweka droo, ndo nagusa apdeti. Na kamwe siapdeti kukiwa na kazi ya mteja haijaenda.

Wenye Ryzen nao wanaweza, kuna viraka vya kerneli, kazi za kawaida zinaenda, lakini programu kadhaa za Adobe zinasumbua na mashine pepe zinazotegemea mfumo wa Apple hazikubali. Laptop sizungumzii kabisa, ni habari nyingine ndefu ya betri na tachipadi.

Sasa kwa nini nasema usinunue vipuri vipya. Novemba 2020 Apple walitoa M1, Juni 2023 wakamaliza kuhama kwa kutoa Mac Pro ya M2 Ultra, na Juni 2025 wakasema wazi kwamba macOS Tahoe, toleo linalofuata Sequoia, ndo ya mwisho kwa Intel. Tahoe yenyewe inakubali Mac nne tu za Intel, ikiwemo iMac ya 2020 ambayo ndo sisi tunaiigiza, kwa hiyo kiufundi unaweza kupanda, ila wameondoa AppleHDA (draiva ya sauti ya Apple) ndani yake, maana yake AppleALC haina cha kushika na sauti ya bodi inakufa mpaka uweke kiraka au utumie sauti ya USB. Mimi sijapanda na simshauri mtu wa kazi apande. Sequoia ilitoka Septemba 2024, na kwa kawaida Apple wanatoa viraka vya usalama kwa matoleo matatu ya karibuni, kwa hiyo una muda wa kutosha hadi kama 2027 bila presha.

Na upande wa pili kuna Mac mini ya M4, imetoka mwishoni mwa 2024 kwa dola 599 ikiwa na ramu GB 16. Kwa bei hiyo huko Marekani, hata ukiongeza usafiri na ushuru wa kuileta, ukijumlisha bodi, prosesa, kadi, ramu, saplai na kesi vipya, tofauti inakuwa ndogo sana na ile mini inafungua 4:2:2 bila shida na inakula umeme kidogo mno. Miaka ya 2015 mpaka 2019 hesabu ilikuwa imeegemea kwetu kabisa, dekstopu ya kuunda ilikuwa inaizidi iMac kwa nusu ya bei. Hiyo hesabu imeisha.

Kwa hiyo alama zangu. OpenCore na mwongozo wake, kumi juu ya kumi, watu wanafanya kazi ya ustadi huu bila kumlipisha mtu na Watanzania na Wakenya kibao tunakula kwa mgongo wa kazi yao, mwenye Kiingereza kizuri na muda akianza kuutafsiri ule mwongozo kwa Kiswahili mimi nitasaidia kusahihisha. Sequoia kwenye mashine ya kizazi cha 10 na RX 580, nane, mbili nimezikata kwa ajili ya vaifai na ile 4:2:2. Flashi za "macOS tayari" zinazouzwa madukani, sifuri, hujui kilichomo na unakwenda kuandika nywila zako humo.

Mwenye kizazi cha 11 ajue UHD 750 haina draiva, lazima kadi ya AMD, na prosesa ijifanye Comet Lake, yaani kizazi cha 10. Kizazi cha 12 kwenda juu hali ni hiyohiyo. Mwenye kizazi cha 4, zile OptiPlex za mtumba, grafiki yake ya ndani imeachwa tangu Ventura (2022), abaki Monterey, na ya kizazi cha 3 imeachwa tangu Monterey, huyo abaki Big Sur, wote wakubali kwamba viraka vya usalama havipo tena au waweke Linux. Mwenye i5-8400 au i5-9400 yenye UHD 630 bila kadi yoyote anaweza kuanza hivyohivyo leo na iMac19,1, Sequoia inaipokea, kadi ataiongeza akipata RX 580 yenye shader 2304.